Kikao cha wanawake kuhusu kukoma hedhi: namna ya kukiandaa na kukiendesha

Msichana akivunja ungo, yupo mtu wa kumkalisha kitako. Awe kungwi, somo, shangazi au bibi yake, atamweleza damu hii ni nini, ajistiri vipi, ajihadhari na nini. Inapita miaka thelathini na ushei, damu ileile inaanza kwenda mrama, na safari hii hakuna wa kumkalisha. Anaokota ya mitaani: "ni utu uzima huo," "umechezewa," "una malaria sugu."

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuwa mtu wa kumkalisha: mwenyekiti wa kikoba, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, muuguzi wa zahanati, kiongozi wa akina mama kanisani au mwalimu wa darasa la wanawake msikitini. Si lazima uwe daktari. Inatosha ujue mambo machache kwa uhakika, na ujue mpaka wako uko wapi.

Mwanamke wa umri huu hukwama kwenye moja ya mashimo mawili. Ama kila kinachomsumbua kinaitwa ugonjwa, akamaliza hela kwenye vipimo vya taifodi na chupa za kusafisha kizazi. Ama kila kinachomsumbua kinaitwa umri, na huku saratani au upungufu wa damu unamla taratibu. Kazi ya kikao ni kumfundisha kutofautisha. Ukishindwa kufundisha mengine yote lakini hilo likaeleweka, hukupoteza muda wa watu.

Hatua ya 1: Panga watu, mahali na saa

Waalike kuanzia miaka 38 hivi. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, lakini mabadiliko huanza miaka kadhaa kabla. Ukiwasubiri wafike 50 utakuwa unasimulia historia.

Kikoba ndicho mahali pazuri kuliko semina ya ukumbini, kwa sababu wanajuana na wameshazoea kutunziana siri za mikopo. Anza baada ya hisa kuhesabiwa na sanduku kufungwa. Kabla ya hapo akili iko kwenye pesa. Watu 12 hadi 15 wanatosha. Pawe na kivuli na choo karibu, wanaume wasiwe wanapitapita.

Jambo ambalo waandaaji wengi hulisahau: usimweke mama mkwe na mkaza mwanawe kwenye kikao kimoja. Wala mama na binti yake. Hakuna atakayefungua mdomo. Kama kikundi kina watu wa namna hiyo, fanya vikao viwili.

Kama wewe ni mdogo kwao, shikamoo itangulie, kisha omba ruhusa: "Mama zangu, nitataja mambo ya ndani, mniwie radhi." Wakishakuruhusu hutaonekana huna adabu hata ukitaja uke kwa jina lake. Tumia maneno wanayotumia wao: siku zangu, kuingia mwezini, kukatika. Beba kalenda kubwa ya ukutani, madaftari madogo ya shule na kalamu. Ukiweza kumpata muuguzi mwenye mashine ya presha, mwombe aje. Kupimwa presha peke yake kutawaleta hata wale wasiotaka kusikia habari za hedhi.

Hatua ya 2: Eleza kinachotokea ndani, dakika kumi tu

Chora kizazi ubaoni au kwenye karatasi, na ovari mbili, vile vifuko vya mayai, moja kila upande. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, hatengenezi mengine. Kadiri yanavyopungua, ovari huanza kutoa homoni za estrojeni na projesteroni bila mpangilio. Hapo ndipo wengi wanapoelewa vibaya: wanadhani homoni hushuka pole pole. Hapana, zinapanda na kushuka, na ni huko kuyumba kunakomsumbua mtu.

Mfano unaoeleweka haraka ni maji ya bomba ambayo chanzo chake kinakauka. Hayakatiki siku moja. Wiki hii yanakuja kwa nguvu mpaka ndoo zinafurika, wiki ijayo hayaji, yanarudi kidogo yakitoa upepo, yanakatika miezi miwili, yanarudi tena. Huwezi kusema ile ilikuwa ndoo ya mwisho mpaka umekaa muda mrefu bila maji. Kwa hedhi, muda huo ni miezi 12 mfululizo. Damu ikitokea mwezi wa tisa, unaanza kuhesabu upya.

Kipindi hicho cha kuyumba huchukua miaka minne hivi kwa wengi, ingawa wapo wa mwaka mmoja na wapo wa miaka minane. Wavutaji sigara hukoma mwaka mmoja au miwili mapema. Aliyeondolewa ovari zote mbili kwa upasuaji hukoma papo hapo, na dalili zake huwa kali. Aliyeondolewa kizazi tu hataona damu tena, lakini kama ovari zipo, mwili wake unaendelea na safari yake kama kawaida.

Hedhi ikikoma kabla ya miaka 40 si jambo la kuambiwa "umewahi tu". Aende hospitali, kwa sababu mifupa na moyo wake vitakosa estrojeni kwa miaka mingi mno, na kwa kawaida wa namna hii hupewa homoni mpaka afike umri ambao wenzake hukoma.

Kabla hujatoka hatua hii, kuna swali litakuja, na lisipokuja uliulize mwenyewe: "Ile damu isiyotoka inakwenda wapi?" Wengi wanaamini inajikusanya tumboni ikawa uchafu, na ndiyo biashara ya wauza dawa za kusafisha kizazi. Damu ya hedhi ni ukuta wa ndani wa kizazi unaobomoka. Homoni zikipungua, ukuta haujengwi. Kisichojengwa hakibomoki, kwa hiyo hakuna uchafu uliobaki ndani na hakuna cha kusafisha.

Hatua ya 3: Waache waseme, wewe panga

Uliza swali moja: "Mwaka huu mwili wako umebadilika nini?" Kisha nyamaza. Wa kwanza atachelewa, wa pili atamrukia.

Atakayesema kuhusu kuwaka moto atapata wenzake mara moja. Mwache aeleze yeye, kwa sababu ataeleza vizuri kuliko wewe. Amesimama sokoni anapima nyanya, joto linaanza kifuani, linapanda shingoni, uso unawaka, anavua mtandio anajipepea nao huku mteja anamshangaa. Moyo unadunda. Dakika moja, dakika tano, limepita. Linabaki jasho, na pengine kibaridi. Usiku ni hivyo hivyo, anaamka kanga imelowa, anageuza mto, usingizi umeshapaa.

Hapa ndipo pa kufundisha kutofautisha, kwa kuwa joto hili limewanywesha watu dawa nyingi wasizozihitaji. Homa ya malaria haiji dakika tano ikaondoka. Inakaa, na kipimajoto kinaiona. Anayeshuku malaria apime kwa kipimo cha haraka. Kikisema hakuna, asinywe dawa ya mseto "kwa usalama". Jasho la usiku nalo lina ndugu yake mbaya: kifua kikuu. Jasho likiambatana na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, au kukonda bila sababu, aende akapimwe makohozi asiseme ni umri. Na yule anayesikia joto mchana kutwa, mikono inatetemeka, anakula lakini anapungua, pengine shingo imevimba, huyo apimwe tezi la shingo.

Waambie ukweli kuhusu muda. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia wanawake kwa miaka mingi ulikuta wenye joto la mara kwa mara walikaa nalo kwa zaidi ya miaka saba kwa wastani, na Wamarekani weusi walikaa nalo muda mrefu kuliko wengine wote. Kumwambia mtu "vumilia, miezi miwili litaisha" ni kumdanganya. Lakini pia wapo ambao hawaoni lolote, wanashtukia tu mwaka umepita. Hao wasiwacheke wenzao.

Yanayobaki yataje kwa haraka: usingizi wa kukatika, viungo kuuma asubuhi, kichwa, ngozi kukauka na kuwasha, nywele kupungua, matiti kuuma, kitambi kuja hata kama chakula hakikuongezeka, kusahau ulichofuata chumbani. Kusahau kunawaogopesha sana; wengi hufikiri akili inaondoka. Mara nyingi ni usingizi mbovu na homoni kuyumba, na hutulia.

Hasira na huzuni vipe nafasi zaidi. Nyumbani husemwa "mama siku hizi hakamatiki," wengine wanatafuta mganga wa kutoa pepo. Mtu ambaye karibu kila siku kwa wiki mbili hana furaha na chochote, hali wala halali vizuri, au amewaza kujidhuru, anahitaji kumwona mtoa huduma wa afya wiki hiyo hiyo. Hilo si jambo la kuachiwa kikoba.

Hatua ya 4: Ukavu na unyumba

Hapa sauti zitashuka. Usikimbie, maana ndilo lililowaleta baadhi yao.

Estrojeni ikipungua, ngozi ya ndani ya uke inakuwa nyembamba na kavu. Tendo la ndoa linauma, mkojo unachoma au unabana kila saa, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) zinajirudia. Mume asiyejua anaanza kufikiri mke ana mtu mwingine, au hamtaki tena. Mke anaanza kulala mapema kwa makusudi. Ndoa inapoa, na hakuna aliyekosa.

Sema waziwazi yanayoharibu: shabu, ndimu, sabuni ya kuoshea ndani, marashi, kujifukiza ukeni, unga wa kubana. Vyote vinazidi kukausha na kuchubua. Uke hujisafisha wenyewe. Nje maji matupu yanatosha.

Yanayosaidia ni kuchukua muda bila haraka, na kilainishi cha maji kinachouzwa duka la dawa. Mafuta ya nazi yanafaa kwa wasiotumia kondomu. Kwa wanaotumia kondomu za mpira wa kawaida hayafai kabisa, yanauoza mpira ukapasuka, na mafuta ya mgando ni hivyo hivyo. Ukavu usiposikia kilainishi, daktari anaweza kuandika krimu au kidonge kidogo cha estrojeni cha kuweka ukeni. Dozi yake ni ndogo na kinafanya kazi palepale, na ndicho huwasaidia wengi wenye UTI za kujirudia.

Wajane na walioachika, ambao wameingia kwenye uhusiano mpya wakiwa na miaka 50, waambie bila kuzunguka: ngozi nyembamba huchubuka kwa urahisi, na mchubuko ni mlango wa VVU. Kutokuona siku si kinga. Kondomu na kupima vinawahusu kama vinavyowahusu wasichana.

Kwa anayevuja mkojo akikohoa au kucheka, fundisha zoezi mkiwa mmekaa hapo hapo. Bana misuli kama unayezuia mkojo, hesabu polepole mpaka tano, achia. Mara nane hadi kumi, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi mitatu. Lisifanywe wakati wa kukojoa. Watacheka wote, na watalifanya.

Hatua ya 5: Mimba bado inawezekana

Mwanamke wa miaka 46 aliyekosa siku miezi miwili, kipimo chake cha kwanza ni cha mimba. Ni rahisi, kinauzwa kila duka la dawa, na kinamwepusha na kunywa vitu ambavyo hakupaswa kunywa akiwa na mtoto tumboni.

Kanuni ya uzazi wa mpango: aliyekoma akiwa na miaka 50 au zaidi aendelee kujikinga kwa mwaka mmoja baada ya damu ya mwisho, aliyekoma kabla ya 50, miaka miwili. Akifika 55 anaweza kuacha. Sindano, kijiti na kitanzi chenye homoni vinaweza kuikata damu vyenyewe, na vidonge vya kumeza kila siku vinaweza kuleta damu ambayo si hedhi ya kweli, kwa hiyo anayevitumia hawezi kuhesabu ile miezi 12 kwa macho. Ajadiliane na muuguzi wa uzazi wa mpango. Asiviache ghafla "nione kama nimekoma".

Hatua ya 6: Kila mmoja aondoke na daftari

Kama una saa moja tu, punguza mengine lakini hili libaki. Daktari mwenye foleni ya watu arobaini atakuuliza mara ya mwisho uliona siku lini, ukisema "kama mwezi wa tatu hivi, sijui wa nne," hana pa kuanzia. Ukimpa daftari, dakika tano zinatosha.

Mstari mmoja kwa siku yenye jambo, siku nyingine iache wazi. Uonyeshe ubaoni ulivyo:

Machi 4. Damu nyingi, pedi 7, donge moja kubwa. Kizunguzungu nikisimama.
Machi 6. Damu kidogo. Joto mara tatu, moja jikoni.
Machi 11. Imekatika. Nimelala kwa saa nne tu.
Machi 19. Tone baada ya tendo.

Huo mstari wa mwisho ndio ambao mtu asingeukumbuka kliniki, na ndio wenye uzito kuliko yote.

Asiyejua kuandika apewe kalenda: duara kwa siku ya damu, duara lililojazwa kwa damu nyingi, msalaba kwa joto. Anayeona haya kuitundika ukutani aiweke ndani ya mlango wa kabati.

Kwa akina mama Waislamu daftari lina faida ya pili. Damu ikianza kuja hovyo, linakuja swali la sala na funga. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani yetu, hedhi haizidi siku 15. Inayozidi ni istihadha, yaani damu isiyohesabiwa kuwa hedhi, na mwenye istihadha huoga josho akasali, akitawadha kwa kila faradhi. Wewe si mufti, usitoe fatwa kwenye kikoba. Mwambie aende kwa mwalimu na daftari lake, atajibiwa kwa tarehe badala ya kukisia. Na mwalimu akisema hii ni istihadha, hiyo ni hukumu ya ibada. Hospitali bado anakwenda.

Hatua ya 7: Dalili za kutosubiri

Zisome polepole, kisha waulize wazirudie mmoja mmoja.

Ya kwanza: damu yoyote baada ya miezi 12 bila hedhi. Hata tone, hata mara moja, hata ute wa waridi kwenye nguo. Mara nyingi chanzo si kikubwa, lakini saratani ya kizazi na ya mlango wa kizazi huingia kwa mlango huo huo, na ikikamatwa mapema inatibika. Kuna wanaofurahia damu hiyo wakidhani ujana umerudi. Ukikutana na furaha hiyo kikaoni, izime kwa upole lakini uizime.

Ya pili: damu baada ya tendo la ndoa, au katikati ya siku na siku. Isisingiziwe ukavu mpaka mlango wa kizazi umeangaliwa.

Ya tatu: damu nyingi. Kipimo cha nyingi ni pedi kulowa ndani ya saa moja au mbili, madonge makubwa kama sarafu, au kupitisha siku saba. Fibroidi, yaani uvimbe wa kizazi usio saratani, ni nyingi kwa wanawake wa Kiafrika na hupenda kusumbua miaka hii hii. Muulize pia anayeguguna udongo au mchele mbichi, akipanda ngazi anahema, viganja vimepauka: huyo madini ya chuma yamekwisha. Apimwe wingi wa damu. Damu nyingi ina dawa, kuanzia vidonge mpaka kitanzi chenye homoni, kwa hiyo asidhani ukienda hospitali ni kutolewa kizazi tu.

Nyingine ni uvimbe kwenye titi, chuchu kuingia ndani au kutoa damu, tumbo kujaa na kushiba haraka kwa wiki kadhaa, na maumivu ya kifua yanayokuja na kazi.

Hapo hapo weka suala la uchunguzi wa mlango wa kizazi. Lengo la Shirika la Afya Duniani ni asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika, kama kile cha HPV (kirusi kinacholeta saratani hiyo), wakifika miaka 35, na tena wakifika 45; wanaoishi na VVU huanza mapema zaidi na kurudia mara nyingi zaidi. Zahanati nyingi hupima kwa kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia, na hapa kuna sababu ya kuharakisha ambayo haielezwi vya kutosha: mwanamke akishakoma hedhi, sehemu ya mlango wa kizazi inayopaswa kuonekana hurudi ndani, na siki haioneshi vizuri tena. Aliye na miaka 47 na hajawahi kupima, aende mwezi huu.

Hatua ya 8: Ya kufanya nyumbani, na habari za dawa

Kwa joto: nguo za pamba, kanga ya kulalia badala ya satini na nailoni, nguo mbili nyepesi badala ya moja nzito ili iwepo ya kuvua. Maji karibu na kitanda. Likianza, pumua taratibu, vuta kwa pua, toa kwa mdomo. Chai ya moto, pilipili, pombe na kusimama juu ya jiko la mkaa huwaamshia wengine. Daftari litaonyesha chako ni kipi, usiache chai kwa sababu ya jirani. Kupunguza uzito uliozidi husaidia kweli.

Mifupa nayo ina haraka. Miaka ya mwanzo baada ya kukoma ndiyo inayopoteza mfupa kwa kasi zaidi, na hakuna maumivu ya kukushtua mpaka mkono unavunjika kwa kuteleza bafuni. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, mtindi, uji wa ulezi, ufuta: hivi vina kalsiamu ya kutosha na haviko mbali. Mchicha mzuri, lakini kalsiamu yake haiingii sana mwilini. Sukuma wiki inaushinda kwa hilo. Jua la ngozi linahitajika, na anayejifunika kutwa atafute dakika zake uani. Kutembea kwa haraka, kupanda mlima, kubeba na kuinua vitu kwa kiasi hujenga mfupa. Mwenye kupungukiwa damu asinywe chai pamoja na chakula, aisogeze saa moja mbele, maana inazuia chuma.

Anayeishi na VVU na yuko kwenye dawa yenye dolutegravir asimeze vidonge vya kalsiamu au chuma kiholela: ama vyote pamoja na chakula, ama dawa itangulie saa mbili. Awaambie kliniki kabla hajaanza. Na dalili za kukoma hedhi zisimfanye akadhani ARV zimemkataa akaziacha.

Presha na sukari vipimwe kila mwaka kuanzia sasa, hata kama hajisikii vibaya. Kinga ya moyo aliyokuwa nayo kwa estrojeni inaondoka.

Watauliza kuhusu homoni. Jibu la haki ni hili: ndiyo tiba inayozidi nyingine zote kwa joto la mwili, na inalinda mifupa. Hofu iliyoenea ilianza mwaka 2002, utafiti wa Marekani ulipotangaza kuongezeka kwa saratani ya matiti na kuganda kwa damu. Lakini wanawake wale walikuwa na wastani wa miaka 63. Kwa mwenye afya, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hajapitisha miaka kumi tangu akome, faida kwa kawaida huzidi madhara. Mwenye kizazi lazima apewe estrojeni pamoja na projesteroni, kwa kuwa estrojeni peke yake hukuza ukuta wa kizazi mpaka unaweza kuleta saratani. Haimfai aliyewahi kuugua saratani ya matiti, na damu isiyojulikana chanzo huchunguzwa kwanza. Aliyewahi kuganda damu au mwenye ini bovu daktari atampima kwa makini. Haipatikani kila mahali, na haipaswi kununuliwa dirishani bila kuandikiwa. Kwa asiyeweza, zipo baadhi ya dawa za sonona ambazo kwa dozi ndogo hupunguza joto. Daktari anazijua.

Kipimo cha homoni hakihitajiki kwa aliyepita miaka 45 mwenye dalili za kawaida. Homoni zinayumba, leo kitasema umekoma, mwezi ujao unaona siku. Maabara ikikushawishi, hiyo hela nunua dagaa.

Na chupa za mtandaoni zinazotibu fibroidi, ugumba, UTI, fangasi na kukoma hedhi kwa pamoja? Muulize muuzaji akutajie kilichomo. Baadhi ya mitishamba huumiza ini, nyingine huzuia dawa za presha kufanya kazi. Anayetumia chochote amwambie daktari, bila kuona aibu.

Hatua ya 9: Kabla hamjatawanyika

Andika kwenye karatasi kubwa: zahanati ipi inapima mlango wa kizazi, siku gani, nani wa kumwona. Uwe umeshaulizia mwenyewe, usiwatume kwa kubahatisha. Kisha tangaza kwamba utabaki nusu saa, mwenye la pembeni aje. Wale wenye damu baada ya kukoma karibu siku zote ndio husubiri hapo pembeni, mwisho wa mstari.

Ukimpata, usimwache aondoke na "nitakwenda". Pangeni siku, pangeni nani atamsindikiza, na kama nauli ni tatizo, mfuko wa jamii wa kikoba upo kwa ajili hiyo. Mwulize yeye kwanza kama mwenyekiti anaweza kuambiwa ni matibabu bila kutajiwa ni yapi. Kikao kijacho kiwe baada ya miezi mitatu, na kila mtu aje na daftari lake.